Mshale wa Baba Tausi

Kitendawili! Nina mshale wangu hauchomi mtu, lakini ukilala kushoto nakosa pumzi. Usihangaike, nakutegulia mwenyewe: ni ule mshale wa kupimia umeme, aliouweka Kilindo kwenye ndege aliyoiunda uani kwake. Ukilala kulia, betri inajazwa; ukisimama katikati, haijazwi wala haipungui. Ukilala kushoto, betri inakwisha, na ikiisha injini inazimika huko huko juu.

Asubuhi hiyo mkewe, Hidaya, alikuwa chini uwanjani, redio ya kuongelea mkononi, akiitazama ndege ikizunguka juu ya vilima.

"Mama Tausi, dainamo kubwa ya kujaza betri imekufa," sauti ya Kilindo ikasema. "Nawasha ile ndogo ya akiba."

"Ile uliyoifunga kwa waya wangu wa kuanikia nguo?"

"Hiyo hiyo. Usinichekeshe."

"Mshale umelala wapi, Baba Tausi?"

Hidaya akainua redio aulize tena, kidole kikakwama kabla hakijabonyeza kitufe. Kilindo mwenyewe ndiye aliyemwambia kuwa redio ya kule juu nayo inakula betri ile ile, na kila anapojibu, betri inapungua. Basi akaishika kwa mikono miwili kama kifaranga, mtandio kauuma kwa meno. Kumwita alitaka, kumwita hakuthubutu. Kule vilimani ndege ikageuza pua kurudi, ndogo kama nzi.

Redio ikakwaruza.

"Katikati," alisema Kilindo. "Umesimama katikati, Mama Tausi. Unatetemeka tu."