Nukta za Wasiopewa Jina

"Mwanangu, watoto wangu wengine hawamo humu," mkunga Mwanamkasi alimwambia Riziki, mtakwimu wa hospitali, akiitazama kwenye kompyuta orodha ya watoto aliowazalisha.

Kweli hawakuwamo. Programu ya takwimu ilikuwa ikitupa kila mstari wenye nafasi tupu, na waliokufa kabla ya siku ya saba walikuwa bado hawajapewa jina. Riziki akaandika amri yake ndogo, akaiongezea programu kile isichokijua: asiye na jina naye ahesabiwe. Akabonyeza.

Skrini nyeusi ikaanza kuota nukta, kila mtoto na yake, moja hapa, moja kule, hadi ikajaa pomoni kama anga. Nyuma ya Riziki, Mwanamkasi alivua viatu.

Akasogea, akaweka kidole kwenye nukta moja ya pembeni.

"Usizime kwanza," alisema.