Jina la Mishi

Siku hizi mtoto anayezaliwa na vali ya moyo iliyobana hapewi jina mpaka mashine ya serikali iseme ataishi, eti akifa tusiumie sana. Wangu, madaktari walimpanua vali kwa puto dogo, tukarudi nyumbani kungoja.

Wifi Mejumaa akaniletea uji wa pilipili manga. "Usimzoee sana, wifi," akaninong'oneza.

"Nishamzoea. Anaitwa Mishi."

Akaitazama mashine ukutani. "Itakusikia."

"Na isikie. Kwani akifa bila jina mimi sitalia? Mishi, nyonya mwanangu."

Mashine ikasema kwa upole, "Mama, jina likitajwa tena, mtoto atachukuliwa."

Wifi akaweka kikombe chini, akatia komeo mlangoni, akamwinamia mtoto.

"Mishi," akaita.