Kile Kinachoteleza

"Usiandike jina lake," mama alisema. "Andika kama mtu asiyelijua."

Tangazo akaondoa vidole kwenye kibodi. Ndivyo watu walivyomwita, kwa sababu ya kazi yake: mwaka wa sita sasa alikuwa akiwaandikia wauzaji matangazo ya bidhaa zao kwenye soko la mtandaoni, kwenye kona ya duka la kopi la dada yake. Wateja wengi humwomba atie chumvi. Mama huyu alikuwa mteja wa kwanza kumwomba ajifanye mjinga.

Mezani, juu ya taulo, palikuwa na kigari cha mashine ya kufuma masweta: chuma chenye mpini, ukubwa wa pasi, kile ambacho mfumaji hukisukuma kulia na kushoto juu ya safu ya sindano. Bila hicho, mashine ni ubao tu. Na bila mashine, hicho nacho kinafaa kuzuia mlango usijifunge.

"Mashine yenyewe iko wapi, mama?"

"Sinayo."

"Uliiuza?"

"Sinayo, mwanangu. Miaka kumi na tisa nafuma masweta ya shule. Sasa nikiamka nakunja nguo ambazo nilishazikunja jana."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja anwani yake. Tangazo hakumchimba. Akasogeza meza karibu na dirisha, akapiga picha tatu: ya mbele, ya ubavuni, na moja yenye rula kando, asije mnunuzi akasema hakujua ukubwa. Kisha akauliza kasoro, maana tangazo linaloficha kasoro hurudisha bidhaa na matusi juu yake.

"Mpini umechubuka," mama alisema. "Mengine yote yako sawa."

Tangazo akaandika kichwa: Kigari cha mashine ya kufuma, sindano mia mbili.

"Hapana. Weka: kile kinachoteleza juu ya mashine ya sweta."

"Mama, wafumaji watatucheka."

"Wacha wacheke. Anayekitafuta ataandika hivyo."

Tangazo akafuta kichwa chake, akaandika cha mama. Hilo ndilo somo alilokuwa akiwapa wauzaji kila siku: usiandike unavyokiita wewe, andika anavyokitafuta mnunuzi. Ilimuuma kidogo kufundishwa somo lake mwenyewe na mtu aliyeshika simu ya vitufe.

"Namba ya simu?"

"Weka yako. Yangu ndugu zangu wote wanayo."

"Na jina la muuzaji?"

"La duka. Halafu mwishoni andika: mnunuzi aje na mashine yake, kijaribiwe kabla ya kulipa."

"Hapo utawafukuza watu, mama. Nani atabeba mashine yote ile kwa ajili ya kipande?"

"Mmoja akija, anatosha."

Tangazo likapanda hewani Jumatatu. Jumanne akapiga fundi wa kufuma, akataja aina ya kigari na mwaka kilipotengenezwa, akaahidi bei mara mbili. Tangazo akampigia mama kwa furaha.

"Huyo anajua kazi," mama alisema. "Mwambie kimeshachukuliwa."

Jumatano asubuhi kikapiga kikundi cha kina mama waliokuwa wakihitaji viwili. Nao mama akawakataa. Tangazo akalala kidogo juu ya meza, paji la uso likiwa kwenye kibodi. Amewahi kuuza kiti cha miguu mitatu kwa kuandika kwamba mguu wa nne umo ndani ya mfuko. Hajawahi kushindwa kuuza kitu kinachotakiwa.

Alasiri akapiga mwanamume. Alitaka kujua kama kitaingia kwenye mashine ya sindano mia mbili.

"Alikiitaje?" mama aliuliza Tangazo alipompigia.

"Hakukiita kitu. Kasema hicho kidude."

Simuni Tangazo alisikia kiti kikivutwa.

"Mwambie aje kesho," mama alisema. "Mwambie bei inazungumzika."

Alhamisi mama alifika mapema, amevaa sweta alilolifuma mwenyewe, akakaa na mkoba magotini. Gari liliposimama nje, akainuka. Alisema hapendi kupatana bei na watu uso kwa uso, akaingia nyuma ya pazia, wanakoweka karatasi. Tangazo hakushangaa. Kuna muuza kabati aliyewahi kujificha ndani ya kabati lenyewe.

Mnunuzi alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, shati limenyooshwa vizuri. Aliiweka mashine mezani, akaifungua shuka iliyoizunguka.

"Ni ya mke wangu," alisema kabla hajaulizwa. "Anataka kujifunza."

"Hongera zake," Tangazo alisema.

Mnunuzi akakipachika kigari mahali pake, akasukuma kulia, akasukuma kushoto. Kilipita laini, hakikukwama hata mara moja. Sindano ziliinuka na kulala zote kwa pamoja.

"Lo! Kama vilizaliwa pamoja!" Mnunuzi akacheka, akatia mkono mfukoni kutoa pochi.

Pazia likasogezwa.

"Vilizaliwa pamoja, shemeji," mama alisema. "Siku uliyovunja dirisha langu ukaibeba mashine, hicho kilikuwa kwa fundi."