Ovaroli la Fundi Unga

Gari lilikuwa limeshaingia barabara kubwa fundi alipokipiga kiti cha mbele kwa kiganja.

"Geuza. Nimesahau ovaroli."

Mkwewe, aliyekuwa akiendesha, alimtazama kwenye kioo. "Baba, tunakwenda hospitali. Ovaroli la nini? Wanakuajiri?"

"Nimesema geuza."

Wakarudi. Fundi aliingia ndani akibamiza milango, akatoka na mfuko wa plastiki kwapani. Mkewe aliegemea dirisha la gari, bahasha ya picha ya eksirei mapajani. Alishazoea. Tangu wapewe majibu, mumewe alikuwa amegombana na muuza dawa, na jirani, na redio.

"Kiwandani wanasema vumbi lao halijamdhuru mtu," fundi alisema, gari likiondoka tena. "Leo daktari ataliona kwa macho yake, aandike, twende mahakamani. Tuone watajificha wapi."

Kazi yake ilikuwa kuvisha mabomba ya mvuke kiwandani. Asbestosi ilikuja kwenye magunia, ikakandwa na maji ndani ya pipa, ikapakwa kwenye bomba ili joto lisitoke. Gunia likifunguliwa, watu hawaonani. Wenzake walimwita Unga, maana jioni alitoka getini mweupe hadi kope, akicheka. Mabwana wa kiwanda walijua vumbi lile ni nini. Walijua, wakanyamaza, wakagawa maziwa ya bure, eti yanasafisha kifua.

Lifti ya hospitali ilikuwa mbovu. Walipanda ngazi wakipumzika kila kona, fundi akimlaani aliyeitengeneza lifti, aliyeinunua na aliyeiacha ife.

Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, aliiweka picha kwenye taa.

"Ni saratani ya utando unaofunika pafu," alisema. "Inaletwa na asbestosi. Hukaa kimya miaka mingi, ikiamka inakimbia. Tiba moja peke yake haiiwezi. Tutaanza na dripu za dawa kali. Uvimbe ukisinyaa, tunapasua, tunaubandua utando. Kitakachobaki tunakipiga mionzi."

"Yaani mnatia sumu, mnachuna, halafu mnachoma," fundi alisema. "Machinjioni kwenyewe hawafiki huko."

"Keti, mzee."

"Nitaketi nikimaliza."

Mkewe aliinua uso. "Binti yangu, mtu akizivumilia zote tatu, anapona?"

"Anaongezewa muda, mama. Wengine mwingi, wengine kidogo. Sitakudanganya."

"Basi andika zote tatu."

"Ngoja kwanza, sijasema nililolijia," fundi alisema, akalimwaga ovaroli juu ya meza, juu ya kalamu na kikombe cha chai cha daktari. "Hili hapa. Nimelivaa mpaka siku walipotufukuza kazi. Angalia walivyotufanya. Angalia hilo vumbi."

Daktari aliangalia. Ovaroli lilikuwa la buluu safi, limepigwa pasi, kola imesimama. Alipitisha vidole kwenye mishono. Akaipindua mifuko mmoja mmoja. Haikutoka hata chembe.

"Hakuna vumbi hapa, mzee."

"Halipo kwa sababu limefuliwa. Unadhani mimi mchafu?"

"Lilikuwa likifuliwa wapi?"

"Nyumbani. Kiwandani walikuwa na dobi, bure kabisa, lakini mpuuzi yule aling'oa vifungo. Nikawaambia wote pale, nguo zangu haziguswi na mtu ila mke wangu. Wakanicheka, sikujali. Kila jioni analipeleka uani, analikung'uta mpaka..."

Akamgeukia mkewe.

Daktari alilikunja ovaroli taratibu, akalirudisha kwenye mfuko, akaufunga mdomo kwa fundo. Kisha akafungua dirisha.

"Keti, mzee," alisema tena.

Fundi akaketi.

Dripu zilisaidia. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mionzi ilikatizwa katikati, na wiki hiyohiyo wakazika. Kesi haikufunguliwa. Kiwanda sasa ni ghala la saruji, na mabwana zake wamestaafu, hakuna aliyewauliza neno. Mkwe bado ana gari lile, ila kiti cha nyuma hakipakii mtu. Daktari yupo palepale, na swali lile la nguo humuuliza kila anayeingia. Fundi Unga alipigwa picha ya kifua, mapafu yakaonekana safi kabisa. Anaishi peke yake, na nguo zake anafua mwenyewe.