Vitambaa Vyekundu

Ukungu ulipofunika msitu, Nakijwa, msichana aliyewaongoza wageni wawili, mume na mke waliokuja kutalii, alianza kuwarudisha kambini. Alitafuta vitambaa vyekundu alivyofunga mitini njia nzima wasije wakapotea. Hakuona hata kimoja.

"Unatafuta hivi?" mume akauliza, akitoa fungu la vitambaa mfukoni. "Nimewasafishia msitu. Mnatupa takataka ovyo."

"Umevifungua vyote, kaka?"

"Vyote. Nishukuru basi."

"Hata nyumbani yuko hivihivi," mkewe akasema. "Dada, tumwache hapa."

Nakijwa alimnyang'anya vile vitambaa, akaviunganisha kuwa kamba. Ncha moja aliifunga kiunoni mwake, nyingine kwenye mkono wa mke. Wakaanza kuteremka kufuata mlio wa maji ya mto uliopita karibu na kambi.

Nyuma yao, mume alikuwa amenyoosha mkono, akisubiri kufungwa.