Sonata ya Fidla na Piano Mbele ya Mkalimani

Tangu kila nyumba ifungwe mashine ya ukalimani ukutani, hakuna sauti inayopita hivi hivi bila kufasiriwa kwa maneno. Mwanakombo aliwapigia wazazi wake sonata yake ya kwanza: yeye kwenye fidla, piano ikijipiga yenyewe.

"Ulikuwa wapi?" mashine ikaifasiri fidla.

"Kazini," ikajibu piano.

"Kazini, Ijumaa jioni?"

Piano ikababaika. "Kulikuwa na foleni."

Mama akamgeukia Baba.

"Nani kakutuma unipige mpasho?" Baba akamfokea binti yake.

"Sijatumwa, Baba. Nimezitungia muziki tu zile sauti zinazopenya kutoka chumbani kwenu."

"Endelea, mwanangu," akasema Mama, akisogeza kiti. "Ndiyo kwanza inakolea."

Baba akakohoa.

Mashine ikaanza kukifasiri kikohozi.