Gari la Mbio la Fundi Mkufya

Gari la mbio la fundi Mkufya lilikuwa refu kama jeneza la twiga. Usukani ulitoka kwenye trekta bovu, kiti kwa kinyozi, na injini kwenye ile mashine ya kusaga iliyofungwa. Mkewe, Salome, alishasema: lisipoondoka leo, linauzwa kwa kilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa kibarazani na mizani yake, anakunywa chai.

Mkufya akawasha. Injini ikanguruma mtaa mzima, lakini gari halikusogea hata inchi.

Wanawake waliposikia mlio ule, wakatoka mbio na ndoo za mahindi, wakapanga foleni.

"Mashine imerudi!" akashangilia Bi Nuru.

"Hili ni gari, mama!"

"Gari gani halitembei? Saga, baba, jua kali."

Mkufya akamtazama mwenye mizani, ambaye alishasimama. "Basi sukumeni," akasema. "Linasaga likiwa mwendoni."

Wakatua ndoo, wakakaza kanga, wakasukuma. Gari likachomoka kama limeumwa na nyuki, likashika barabara ya sokoni. Salome akapiga vigelegele. Nyuma ya vumbi, Bi Nuru alishajitwisha ndoo, anakimbia.

"Mwanangu, yangu laini! Ya uji!"